Staha na Hedhi katika Shule za Milimani

Yako mambo ambayo mtu mwenye adabu hayataji mbele ya watoto. Mafundisho hayo tumeyarithi sote. Lakini yafaa tujiulize: je, staha yaweza kumdhuru yule yule iliyowekwa kumhifadhi? Tunalitazama swali hili kwa jambo moja, hedhi ya wanafunzi wa kike, na kwa mahali pamoja: wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, hasa vijiji vilivyo juu ya Bwera katika miteremko ya Rwenzori.

Huko mwinuko ni mkali, na kila ndoo ya maji ina safari yake. Msichana asiyeweza kununua pedi hutumia kitambaa. Kitambaa hakina ubaya kikifuliwa kwa sabuni na maji safi, kikaanikwa juani mpaka kikauke kabisa. Lakini kwa kuwa jambo lenyewe halitajwi, kitambaa nacho hakitakiwi kuonekana. Hufichwa chini ya godoro, na katika milima ya ukungu na mvua nyingi hakikauki. Msichana hukivaa kikiwa na unyevu, akapata muwasho, akaogopa harufu, kisha akabaki nyumbani siku hizo. Hakuna aliyemkataza shule.

Katika kampeni za uchaguzi wa 2016 Rais Museveni aliahidi pedi za bure kwa wanafunzi. Mwaka 2017 Waziri wa Elimu, Janet Museveni, alisema fedha hazikupatikana. Deni hilo ni la serikali, wala halituondolei letu. Kumwambia mtoto aanike kitambaa juani hakuhitaji fungu la fedha.

Tena wazee wanaosingiziwa kimya hiki hawakunyamaza. Pwani, binti aliyevunja ungo alikabidhiwa somo au kungwi. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa unyago kama kwa taarabu. Waganda nao wana ssenga, yaani shangazi, mwenye kazi hiyo. Staha yao ilichagua nani aseme, wapi na lini. Haikumwacha mtoto ashtuke peke yake kwa damu asiyoijua. Siku hizi shangazi huenda yuko Kampala, na mtoto yuko darasani tangu asubuhi. Zamu imemwangukia mwalimu.

Wako wasemao kazi hiyo aachiwe mwalimu mlezi wa kike. Tunakubali nusu. Shauri la faragha ni lake. Maarifa yenyewe, kwamba hedhi si ugonjwa wala uchafu wa tabia, ni ya darasa zima pamoja na wavulana, maana kicheko chao mbele ya sketi yenye doa humfukuza msichana shuleni upesi kuliko mlima.

Kwetu walimu wa Kiswahili lipo na la ziada. Waganda wengi waliijua lugha hii kama lugha ya askari. Pale Mpondwe, mpakani na Kongo, ni lugha ya soko. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki iwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa mtoto wa Kikonzo, hedhi litakuwa neno geni, lisilobeba aibu ya nyumbani. Hiyo ni faida, na ni hatari pia, kwa kuwa neno lisilogusa laweza kukaririwa bila kueleweka. Kwa hiyo mwalimu akisha kuliandika ubaoni, pamoja na "kuwa mwezini", awape wasichana zoezi la msamiati: waende wakamwulize mama, au bibi, jambo hili huitwaje kwa Kikonzo, na zamani wasichana walifanyaje. Jibu si lazima lisomwe darasani. Mama aliyeombwa neno moja na bintiye, jioni jikoni, huenda akaongeza na mengine.