Rangi Juu ya Ufa

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi moja mwezi wa sita, gari langu lilikuwa limekaa juu ya matofali nyuma ya nyumba, hapa Shangani, Mtwara, na tairi zake nne zimelala kwenye mkeka mbovu. Pembeni kulikuwa na makopo manne ya rangi ya kupuliza: moja la praima, mawili ya rangi ya fedha, na moja lile la maji la kumalizia. Fundi rangi alikuwa amenitajia elfu arobaini kwa kila rimu. Makopo yote manne hayakufika nusu ya hela hiyo. Nilitaka kuuza gari. Mdogo wangu alikuwa anaanza chuo mwezi wa kumi, na kwetu ada ya mdogo inamhusu kaka.

Anayeishi pwani hii hahitaji kuelezwa kwa nini rimu zilikuwa mbaya. Rimu za aloi hazili kutu kama chuma, lakini rangi ikichubuka mahali, chumvi inapenya, alumini inaanza kutoa unga mweupe kwa chini, na rangi iliyobaki inavimba na kubanduka. Na mimi gari hilo nimelipeleka Msimbati mara nyingi kuliko ilivyo busara. Kule watu wanaendesha juu ya mchanga wa ufukwe wenyewe, wanasogea hadi maji yanalamba tairi, wanapiga picha, halafu wanarudi mjini na gari haliogeshwi mpaka wiki ya pili.

Kazi yenyewe ni ya subira tu. Unaosha kwa sabuni, unakausha, unakwangua kwa msasa namba 240, kisha 400, unafuta vumbi kwa tina. Unaingiza vipande vya boksi kati ya tairi na rimu ili tairi lisipakwe. Unashika kopo sentimita kama ishirini na tano kutoka kwenye rimu na kupitisha mkono bila kusita, rangi nyembamba, unasubiri dakika kumi na tano, unarudia. Ukitaka kumaliza kwa mkupuo mmoja, rangi inachuruzika. Ukichelewa hadi saa nne, kusi inaamka na kukuletea mchanga. Na kuna sehemu mbili ambazo hupaki kabisa: uso wa nyuma unaokaa kwenye habu, na vile vishimo ambamo nati zinakaa. Rangi pale inajifanya sehemu ya chuma, nati unakaza ukidhani zimefika, kumbe zimekaza rangi. Kilomita kadhaa baadaye rangi inapondeka, nati zinalegea. Hilo nililijua. Nilijiona mtu makini kweli kweli kwa kulijua.

Basi, kwenye rimu ya tatu, ya nyuma kushoto, msasa ulikwangua kitu laini. Upande wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, palikuwa na kiraka cha puti chenye upana wa vidole viwili. Nikaendelea. Chini ya puti kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umeanzia ukingoni na kushuka karibu urefu wa kidole gumba.

Nilikaa chini. Kwa miaka miwili tairi lile lilikuwa likipungua upepo kila wiki. Nimelipeleka kwa mafundi wa pancha mara sijui ngapi, wakitafuta msumari. Nimeendesha Mtwara hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia tano, mke wangu pembeni na mtoto nyuma, tena upande wa kushoto. Aliyeniuzia aliliosha gari, akanipa na soda. Au labda na yeye aliuziwa hivyohivyo. Puti haisemi imewekwa na nani.

Kijana wa jirani aliyekuwa akinisaidia akachungulia. "Ah, kaka, hiyo ndogo. Piga puti nyingine, puliza, haionekani."

Nikapiga puti. Nikapuliza. Haikuonekana.

Naandika hili kwenye ukurasa ambao wasomaji wake wamezoea kujadili riwaya, kwa hiyo mniruhusu nilete kitabu. Cicero, katika sehemu ya tatu ya De Officiis, kitabu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mtu anauza nyumba. Yeye peke yake ndiye anayejua kwamba mbao zake mbovu na vyumbani mnatoka nyoka. Je, amwambie mnunuzi? Antipater anasema ni lazima. Kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutojua ni sawa na kumwona amepotea njia ukanyamaza. Diogenes anajibu kwamba kutosema si kuficha. Hakuna aliyemlazimisha mtu kununua. Macho anayo.

Nilipolisoma chuoni nilimpa Antipater ushindi bila kufikiri mara mbili. Ni rahisi ukiwa huna gari la kuuza. Usiku ule wa Jumamosi nilijikuta wakili wa Diogenes. Mnunuzi atakuja na fundi wake. Fundi ataingia chini ya gari. Asipoona, ni fundi wake, si wangu. Tena bei yangu ilikuwa ya chini. Tena nami nilifanyiwa.

Ila kuna jambo ambalo sikuweza kulizunguka. Mtu wa Diogenes amenyamaza tu. Mimi nilikuwa nimeshapuliza. Rimu iliyoliwa na chumvi inamfanya mnunuzi apige goti, apitishe kidole, aulize: hapa pamekuwaje? Rimu inayong'aa inamjibu kabla hajauliza, na inamjibu kwa sauti yangu. Ule ufa hakuwa na sababu ya kuutafuta, kwa kuwa ile sababu nilikuwa nimeipaka rangi.

Sitaki kusema rangi yenyewe ni uongo. Ukienda Mikindani, nyumba za kale za mawe ya matumbawe zinasimama kwa sababu ya chokaa iliyopakwa juu yake. Chokaa haimdanganyi mtu, inalizuia jiwe lisinyeshewe. Pale ilipodondoka ndipo ukuta unapoanza kumomonyoka. Rimu zangu tatu zilihitaji rangi kwa maana hiyohiyo, na naamini nilizitendea haki. Ya nne ilihitaji kitu kingine.

Jumapili jioni nilipita kwa mzee mmoja, Mmakonde aliyetoka Newala zamani, mchongaji aliyestaafu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku anatazama mikono yangu.

"Mwanangu, umekuwa wa fedha."

Nikamweleza yote. Akacheka kwa muda ambao sikuupenda.

"Sisi tulikuwa tunapaka kiwi," akasema. Mpingo ulipokuwa ghali na wa kuufuata mbali, watu walichonga mti wowote mweupe, wakausugua kwa dawa ya viatu mpaka ukawa mweusi, wakauza kama mpingo. Mgeni mjanja alikwangua kwa ukucha chini ya kinyago. Mjanja zaidi aliomba ndoo ya maji, maana mpingo unazama.

"Lakini hata mpingo wenyewe mlikuwa mnaupaka, mzee."

"Tuliupaka. Ung'ae."

"Sasa tofauti iko wapi?"

Akafikiri. "Huyu wa mpingo, kiwi ikimwishia, anabaki na mpingo wake."

"Na yule mwingine?"

"Yule yuko Ulaya huko, mimi nitamjulia wapi?" Akacheka tena, kisha akaacha. "Ila kinyago changu kimekaa kabatini, mwanangu. Chako kinazunguka."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika kidogo, kama unavyomkasirikia mtu aliyekuambia ulichokuwa unakijua. Kuna hadithi ambayo watoto wengi wa madrasa pwani hii wameisikia. Mtume anapita sokoni, anaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vinatoka vimelowa. Anamuuliza muuzaji. Muuzaji anasema ni mvua. Mtume anamuuliza kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu, watu wakione, na anamkana mwenye kughushi. Utotoni nilidhani hadithi hiyo inahusu wezi. Nikiisoma sasa namwona mtu wa kawaida tu aliyenyeshewa. Mvua si kosa lake. Kosa ni mpangilio wa lundo.

Jumatatu nikachukua msasa, nikaikwangua ile rangi mpya na puti yake hadi ufa ukaonekana. Nikafunga spea, ambayo ni rimu ya chuma ya saizi ileile, nyeusi. Gari likawa na magurudumu matatu yanayong'aa na moja kama la trekta. Rimu yenye ufa nikaiweka kwenye buti.

Mnunuzi wa kwanza alitoka Masasi. Nikamfungulia buti kabla hajauliza, nikamwonyesha ufa, nikamweleza habari ya upepo kupungua, kila kitu. Nilitegemea, nakiri, kuheshimiwa kidogo. Aliitazama rimu, akanitazama mimi, akaanza kulikagua gari upya kuanzia boneti, kwa macho mengine kabisa. Mwisho akasema kwa upole, "Ndugu yangu, mtu akikuonyesha kidogo hivi, kuna kikubwa amekificha." Akaondoka.

Dalali alinipigia jioni. "Mwandishi, wewe unauza gari au unaandika habari?"

Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani methali hiyo ilitungwa kabla ya makopo haya, au ilitungwa na mtu aliyekuwa na bidhaa moja tu. Kwenye soko ambalo kila kitu kinang'aa, anayeonyesha ufa ndiye anayetiliwa shaka, na siwezi kumlaumu yule wa Masasi. Katika umri wake bila shaka ameshauziwa vingi na watu waliokuwa wazungumzaji wazuri.

Gari liliuzwa wiki tatu baadaye, laki saba chini ya bei niliyotaka. Aliyelinunua hakuijali rimu, alisema ana zake. Nilipompigia mdogo wangu kumwambia kwamba sehemu ya ada itabidi tuisubirie, akanyamaza, halafu akauliza, "Sasa hizo laki saba umempa nani?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Sikuwa na jibu linaloweza kusemwa kwenye simu, na hadi leo nikimfikiria yeye najibu hivi, nikimfikiria yule mtoto aliyekaa nyuma kushoto najibu vile.

Rimu ilibaki. Kijana wa jirani alikuja mwezi uliopita, amekaa mlangoni anachezea ufunguo.

"Kaka, ile mbovu vipi? Kuna jamaa anatoa elfu ishirini na tano."

"Ya kufanyia nini?"

"Si anachomelea, anapiga rangi."

Nikamwambia siuzi. Akaniuliza nitaifanyia nini basi, nami nikafikiria wa skrepa, anayenunua kwa kilo, halafu nikafikiria wa skrepa ataiuza kwa nani. Nikaleta msumeno wa chuma. Alumini ni laini lakini inajaza meno ya msumeno, unasimama kila dakika kuyasafisha. Kijana alinitazama kwa robo saa nzima bila kusema neno, kisha akasema elfu thelathini.

Iko nyuma ya nyumba bado, imekatwa nusu. Upande ambao haujaguswa unang'aa vizuri sana. Ile rangi niliipuliza kwa mkono uliotulia.