Nani Ana Ufunguo wa Geti?

Msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ukikaribia, shule hujiandaa kwa namna zinazofanana. Jezi zinafuliwa, mistari ya uwanja inapigwa chokaa, mgeni rasmi anapelekewa barua, mpishi anaongezewa mchele. Ukimuuliza mwalimu wa michezo habari za usalama, atakuonyesha sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji, spiriti, na pengine dawa ya kupuliza ya kutuliza maumivu. Ni jambo jema, lakini mimi ningemuuliza mengine. Kijana akianguka katikati ya kipindi cha pili, nani anapiga simu? Anampigia nani? Gari linaingilia geti gani, na ufunguo wa geti hilo uko mfukoni mwa nani saa hiyo? Kwangu mimi, mpango wa dharura ni majibu ya maswali hayo, yaliyokubaliwa na watu wenye majina kabla filimbi ya kwanza haijalia. Sanduku bila majibu hayo ni pambo la ofisi. Na majibu yenyewe ni rahisi kuliko tunavyojiaminisha, ndiyo maana kuyakosa ni uzembe zaidi kuliko umaskini.

Ushahidi upo. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Circulation lilichapisha utafiti wa Jonathan Drezner na wenzake kuhusu shule za sekondari 1,710 za Marekani zilizokuwa na mashine za kushtua moyo. Humo walihesabu watu 36 ambao mioyo yao ilisimama ghafla, na 23 kati yao, yaani asilimia 64, walitoka hospitali wakiwa hai. Kwa janga ambalo likimpata mtu nje ya hospitali mara nyingi huishia kaburini, hayo ni mafanikio makubwa. Mashine zilichangia, hilo halina ubishi. Ila karibu wote waliangukia mbele ya watu, na karibu wote walianza kukandamizwa kifua mapema, jambo ambalo mashine haiwezi kulifanya. Tena, kati ya hao 36, wanafunzi wanamichezo walikuwa 14 tu. Wengine 22 walikuwa watu wazima, wakiwamo wafanyakazi wa shule na watazamaji. Maana yake mzazi aliyekuja kumshangilia bintiye kwenye netiboli naye yumo ndani ya mpango huu, hata kama hajavaa jezi. Kuna takwimu nyingine ambayo naona inatuhusu zaidi: asilimia 83 ya shule hizo zilikuwa na mpango wa dharura, lakini ni asilimia 40 tu zilizoupitia na kuufanyia mazoezi walau mara moja kwa mwaka. Kama nchi tajiri huandika mpango na kuusahau kwenye faili, sisi tusidhani waraka mmoja kutoka wizarani utatutosha.

Mazoezi yana sababu yake. Mtu ambaye moyo umesimama si lazima alale kimya kama maiti. Anaweza kukoroma, kuhema kwa kushtuka mara mojamoja, hata kukakamaa na kutetemeka kwa muda, na hapo ndipo uwanja mzima unapopiga kelele kwamba ni kifafa. Wanamzunguka. Mmoja anampepea kwa jezi, mwingine anammwagia maji ya chupa usoni, wa tatu anataka apewe hewa huku yeye mwenyewe ndiye aliyeiziba. Wakati huo kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua na kuushtua moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Desemba 2016, mchezaji kijana wa Mbao FC alianguka kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, katika mechi ya vijana wa chini ya miaka 20, akafariki. Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen, refa akasimamisha mchezo na kuwaita madaktari papo hapo, akapona na kurudi kucheza. Sidai kwamba matukio hayo mawili yalifanana kitabibu. Ila kule Copenhagen hakuna aliyeanza kujiuliza afanye nini. Na kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ni kazi ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kufundishwa kwa mchana mmoja na mkufunzi wa Msalaba Mwekundu.

Nitaambiwa kwamba shule ya kata haina gari la wagonjwa, na hospitali ya wilaya iko kilomita 40. Ni kweli, lakini nchi hii imeshaonyesha njia. Mfumo wa m-mama, uliokuzwa Shinyanga kabla ya kusambazwa kwingine, huwahudumia wajawazito na watoto wachanga kupitia namba ya bure 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana, kituo cha simu humtuma dereva wa kawaida aliyesajiliwa mapema na ambaye malipo yake yanajulikana. Siri yote ni hilo neno “mapema”. Shule inashindwa nini kukubaliana na mwenye Noah wa jirani kwamba siku ya mechi gari lake liwe na mafuta na liegeshwe likitazama barabarani? Joto nalo vilevile linataka maandalizi ya mapema kuliko fedha. Mkimbiaji aliyepatwa na kiharusi cha joto, mwili ukiwa umepita nyuzi 40 na akili zimeanza kupotea, hapaswi kukimbizwa hospitali kwanza. Anapaswa kupozwa kwanza. Kwenye mbio za Falmouth huko Marekani, wagonjwa 274 wa aina hiyo walizamishwa kwenye maji ya barafu katika kipindi cha miaka 18, na hakufa hata mmoja. Pipa lililokatwa, maji, na barafu ya muuza samaki: sioni kipi kati ya hivyo kinahitaji mfadhili.

Pingamizi zito zaidi si la fedha. Ni lile linalosemwa kwa upole msibani, kwamba siku yake ilikuwa imefika. Simbishii mfiwa. Lakini huwezi kuichukua faraja ya mfiwa ukaifanya sera ya shule, wala kutawakali hakujawahi kumzuia mtu kufunga mlango usiku. Wapo pia wanaosema matukio haya ni nadra mno. Ni nadra, na ndiyo sababu mwalimu anaweza kufundisha miaka 30 bila kuliona hata moja, kisha siku likitokea awe na dakika chache tu za kulimaliza. Uzoefu hautamfundisha. Isitoshe, dereva yuleyule na geti lilelile vitatumika kwa aliyevunjika mguu, mwenye pumu, au aliyeumwa na nyoka akifuata mpira kichakani.

Hata hivyo, kazi ngumu kuliko zote ni kumpa mtu mmoja mamlaka ya kusimamisha mchezo. Chukua radi, ambayo ukanda wa Ziwa Victoria unaifahamu kuliko sehemu nyingi duniani. Hata mbali na ziwa hilo, Agosti 2020, huko Arua, Uganda, radi iliua watoto 10 waliokuwa wamekimbilia kibandani baada ya kucheza mpira. Kanuni yenyewe ni fupi: ngurumo ikisikika, mchezo unasimama, na haurudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mti hapana, kibanda cha nyasi hapana, na hata darasa lisilo na kinga ya radi si la kuaminiwa sana, kwani mwaka 2011 huko Kiryandongo wanafunzi waliuawa wakiwa ndani ya darasa. Basi la chuma lililofungwa madirisha ni salama zaidi. Lakini ni mwalimu gani kijana atakayepuliza filimbi dakika ya themanini, timu ya nyumbani ikiwa inaongoza, mkuu wa wilaya amekaa jukwaani na ratiba imebana? Atafanya hivyo ikiwa tu mkuu wa shule ametangaza kwa kipaza sauti, kabla mechi haijaanza, kwamba uamuzi wa mwalimu huyo haujadiliwi. Mkuu wa wilaya naye atangojea ndani ya basi, pamoja na timu ya wageni.