Asiye na Ada, Je, Asisikilizwe?



Sisi wa Newala tukisimama penye Shimo la Mungu, hulitazama bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Wamakonde wako pande zote mbili, jamaa wa ukoo mmoja. Basi hatuhitaji kufundishwa kwamba neno la ofisa wa uhamiaji laweza kumtenga mume na mkewe, au mtoto na mzazi wake.

Ofisa naye ni binadamu, hukosea. Ndiyo maana nchi kadhaa zikaweka baraza la rufaa. Lakini baraza huwa na ada. Je, asiyeweza kulipa asisikilizwe?

Tuitazame Uingereza. Oktoba 2016 serikali ya huko ilipandisha ada ya rufaa ya uhamiaji, ile ya kusikilizwa ana kwa ana, kutoka pauni 140 hadi pauni 800. Mwezi uliofuata nyongeza hiyo ikaondolewa. Wapo wanaosamehewa ada kwa ufukara. Lakini asiyesamehewa, naye hana fedha, rufaa yake hukwama. Hapo uamuzi wa ofisa husimama bila kupimwa na yeyote, na kama ulikuwa kosa, kosa hilo huvaa kanzu ya sheria.

Atatokea wa kusema: karani ale nini, na karatasi inunuliwe kwa nini? Neno hilo lina uzito. Mwenye uwezo na alipe, na anayekwepa adaiwe. Lakini umaskini wa mtu si ushahidi kwamba hana haki. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ni dhuluma.

Hapa Tanzania jambo la namna hii limekwisha kupimwa. Sheria ya uchaguzi ilimtaka mwenye kupinga matokeo ya ubunge aweke kwanza dhamana ya shilingi 5,000,000, ndipo kesi yake ipangiwe siku. Februari 2002, katika shauri la Ndyanabo na Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa sharti hilo linavunja Katiba.

Dini imetufundisha kumpa muhula mdeni mwenye dhiki. Ikiwa mkopeshaji, aliyetoa mali yake mwenyewe, ameamrishwa kungoja, baraza la haki litashindwaje? Lisikilize kwanza, na ada iandikwe deni.

Nasi wazee tunaosuluhisha watu barazani, tujiulize: aliyekuja na kuku na aliyekuja mikono mitupu, tumewasikiliza sawa?

Wabillahi tawfiq.