Apolo Alikuwa Tayari Kazini

Somo: Matendo ya Mitume 18:24–28

Apolo anapoingia Efeso, Luka hamtambulishi kama mwanafunzi. Ni mtu wa Iskanderia, msomi, hodari wa Maandiko, moyo wake unawaka, na anayoyafundisha kumhusu Yesu ni sahihi. Ana kazi na anaifanya. Ila anaujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa mahema, wanamsikiliza sinagogini mpaka anamaliza. Hawamkatizi, hawamsahihishi mbele ya watu. Wanamchukua nyumbani kwao na kumweleza Njia ya Mungu kwa ukamilifu zaidi.

Nimesikia mahubiri mengi yanayomfanya Apolo kuwa mjinga aliyeokolewa na wajuzi. Luka hasemi hivyo hata kidogo. Alichofundisha kilikuwa kweli. Habari ndiyo iliyokuwa imesonga mbele, naye haijamfikia. Juma hili nimemsoma nikiwafikiria wauguzi wa kanisa letu, hasa wale wa ngazi ya cheti ambao wamerudi kusoma wapate stashahada, huku wakiwa bado zamuni.

Kwa wasioijua kazi hiyo, nieleze kidogo. Kwa miaka mingi nchi yetu iliwategemea wauguzi wa cheti kujaza zahanati za mashinani, kwa kuwa mafunzo yao yalikuwa mafupi na ya gharama nafuu. Ndio waliotuzalisha, wakatuchanja, wakatufunga vidonda. Kijijini hakuna anayewaita wauguzi. Ni "daktari" tu, na mgonjwa haulizi daktari huyu amesajiliwa katika daftari gani. Lakini magonjwa yalibadilika. Aliyehitimu kabla ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kufika alijikuta anawahudumia watu ambao chuo hakikumwandaa kuwahudumia. Ikaonekana kwamba wauguzi hawa wote wanapaswa kupandishwa ngazi.

Hapo hesabu ikagoma. Vyuo vilivyokuwapo viliweza kuwapokea wauguzi wapatao 100 kwa mwaka, na waliosubiri walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Ni kazi ya miaka 200. Tena ukimtoa muuguzi katika zahanati ambayo yeye ndiye pekee, unafunga mlango wa zahanati. Ndipo mwaka 2005 shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture wakaanzisha mafunzo kwa kompyuta. Masomo yaliwekwa mahali ambapo muuguzi angeweza kuyafikia karibu na kituo chake. Alisoma nadharia kwa wakati wake, akaenda hospitali kubwa kwa mazoezi, na mwishowe akakalia mtihani wa Baraza kama mwanafunzi mwingine yeyote. Maelfu wamevuka kwa njia hiyo, na vyuo vingine vimeifuata.

Wapo waumini wanaoidharau elimu ya namna hii, eti si chuo kamili mtu asipolala bwenini. Hao niwakumbushe kwamba zaidi ya robo tatu ya vitabu vya Agano Jipya ni barua, yaani masomo ya masafa. Paulo aliwafundisha Wakolosai akiwa kifungoni, wao hawajawahi kumwona uso, na akaagiza barua yao ikisha kusomwa kwao ipelekwe Laodikia ikasomwe huko pia. Na wazee wetu waliofundisha shule za msingi, wengi wao walipanda daraja kwa masomo ya posta na redio. Hatukuwaona walimu pungufu.

Nilimwomba dada mmoja wa kanisa letu anieleze amejifunza nini ambacho hakukijua, maana amezalisha kina mama tangu wengine wetu tukiwa shuleni. Akanionyesha patografu. Ni karatasi ya miraba ambayo mkunga huchorea mwendo wa uchungu: mlango wa uzazi umefunguka sentimita ngapi, moyo wa mtoto unapigaje, shinikizo la damu la mama limefika wapi. Yeye alifundishwa kwamba uchungu wenyewe huhesabiwa kuanzia sentimita 4, na kutoka hapo mlango ufunguke angalau sentimita 1 kila saa. Mchoro ukivuka mstari wa tahadhari, mama huyo ni wa kuangaliwa kwa makini, pengine wa kupewa rufaa. Aliijaza karatasi hiyo kwa uaminifu miaka yote.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa miongozo mipya. Uchungu huo sasa unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na ile kanuni ya sentimita 1 kwa saa haipaswi kutumiwa peke yake kuamua kwamba mama amekwama, kwa sababu wanawake wengi hujifungua salama wakienda polepole kuliko hapo. Mwaka 2020 ikafuata karatasi mpya, ambayo pamoja na mambo mengine inamtaka mkunga aandike kama mama ana mtu wa kukaa naye, kama amekunywa kitu, kama amepewa njia ya kupunguza maumivu. Dada yule akaniwekea karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya, akapitisha kidole kwenye sehemu hiyo ya mwenzi na kinywaji. "Mchungaji," akasema, "haya tulikuwa tukiyafanya kwa huruma tu. Sasa yana sehemu yake ya kuandikwa."

Huyo ni Apolo mtupu. Hakuwa na kosa la kutubu. Alifundishwa vyema yale yaliyojulikana siku zile, akayatenda kwa moyo wote, na sasa amekubali kuketi chini aelezwe yaliyoongezeka. Kuketi huko si jambo dogo. Mwanafunzi wa masafa hubeba kitabu cha mazoezi ambacho kila kazi aliyoifanya hutiwa sahihi na msimamizi wake. Msimamizi huyo mara nyingi ni kijana aliyetoka kidato cha nne akaingia stashahada moja kwa moja. Kwa umri angeweza kuwa kifungua mimba wake. Fikiria mama wa miaka hamsini akisubiri pembeni ya wadi, kitabu mkononi, ili binti wa miaka ishirini na sita athibitishe kwamba anajua kumkagua mtoto mchanga. Luka hatuambii uso wa Apolo ulikuwaje mtengeneza mahema na mkewe walipoanza kumfundisha. Anataja tu kwamba baadaye, huko Akaya, aliwasaidia sana waliokuwa wameamini.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Katika shuhuda zetu za Jumapili, muuguzi akimaliza masomo tunapiga vigelegele kwamba Bwana amemwinua kutoka ngazi hata ngazi. Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Lakini ushuhuda hautaji mkopo wa sacco uliolipa karo, wala bando la intaneti lililoisha katikati ya somo, wala saa nane za usiku alizokaa na simu ameiegemeza kwenye chupa ya spiriti, akisoma ukurasa mmoja kisha akiinuka kwenda kupima presha ya mgonjwa wa kitanda cha tatu. Elimu ya masafa imefungua mlango uliokuwa umefungwa. Imefanya hivyo kwa kuuhamishia mzigo usingizi wa mama mmoja. Nchi ilipata muuguzi wa stashahada bila kufunga zahanati; gharama ya saa hizo imebaki nyumbani kwake, kwa watoto waliojipikia na mume aliyejifunza kufua, kama alijifunza.

Na wako waliomaliza, wakapata cheti na leseni, kisha wakangoja muda mrefu kabla ya mshahara kuifuata ngazi mpya. Kazi ileile, wadi ileile, na majukumu zaidi. Hilo si jaribu la imani, ni haki ya mfanyakazi inayocheleweshwa, na mchungaji anayemwambia muuguzi wa namna hiyo avumilie tu kwa maombi anamwachia mwajiri njia rahisi. Ombeni, ndiyo. Lakini pia andikeni barua.

Ninarudi kwa Prisila na Akila, maana katika somo hili wao ndio sisi. Walikuwa na kazi yao ya mikono na kanisa lilikutana nyumbani mwao, bado wakapata nafasi ya mgeni. Kisha Apolo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso waliwaandikia wanafunzi wa huko wampokee. Hawakumwombea safari njema wakaishia hapo.

Kwa hiyo, kwa wale wanaokalia mtihani wa Baraza muhula huu: hamtapangwa zamu ya usafi wala kwaya mpaka mmalize, na asiwepo mzee wa kanisa wa kuwauliza mbona hamwonekani. Chumba cha ofisi chenye umeme na intaneti kitakuwa wazi jioni za Jumanne na Alhamisi. Ufunguo uko kwa katibu. Tunahitaji watu watano au sita wa kukaa na watoto siku za mazoezi ya hospitali, na tungefurahi wakiwamo wanaume. Wauguzi wastaafu mlioko kanisani, na mnajua mko wengi, leteni vitabu vyenu na uzoefu wenu. Mkikuta mambo yamebadilika tangu siku zenu, ketini nanyi mfundishwe.