Kuheshimu wazazi: kaburi ao minervali?

Kwetu Uvira, toka Kavimvira mpaka Kalundu, na kushuka na ziwa hadi Makobola na Baraka, mzazi akifariki watoto wake wanajua kinachongojewa. Walioko Bujumbura wanavuka, walioko Ulaya wanatuma franga. Kuna matanga, na baada ya miezi kuna siku ya kuondoa kilio: ng'ombe, mabidoni ya kasiksi, vikwembe vya sare, kaburi la simenti lenye karo. Hatudharau hayo, maana mtu asiyeliliwa ni kama hakuwa na watu. Lakini tunajiuliza: pale anaheshimiwa nani, mzazi ao sisi wenye kuonekana?

Iko heshima ya namna nyingine: kuweka mali pembeni kwa jina la baba na mama, faida yake ilipe masomo ya wanafunzi wa chuo kikuu mwaka kwa mwaka. Walutheri wana mafundisho ya zamani juu ya jambo hili. Amri ya kuheshimu wazazi, ambayo Wapentekoste wetu wanaihesabu ya tano, katika Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529 ni ya nne. Hesabu si kitu. Mwaka 1530 Luther huyo aliandika hotuba ndefu juu ya kuweka watoto shuleni, akahimiza matajiri waache katika wasia wao mali ya kusomesha wanafunzi. Kwake hilo lilipita kulipia misa za kuwatoa marehemu toharani. Wakatoliki wetu watasema hapo anachokoza, na kweli anachokoza! Hata hivyo neno lake linatugusa wote: mali inayotolewa kwa ajili ya wafu iwafae walio hai na watakaozaliwa.

Na walio hai wana shida. Katiba ya 2006 ilisema shule ya msingi ya leta ni bure. Jambo lenyewe lilianza kutendeka 2019. Lakini sekondari na chuo ni kulipa. Mtoto anapata diplome yake ya leta, halafu anakaa Mulongwe anauza mafuta ya chupa.

Ndugu watauliza: utasomesha watoto wa wengine, na wa kaka yako wamefukuzwa kwa minervali? Swali hili ni zito kuliko yote. Sisi tunaona hivi: kumsomesha mtoto wa kaka ni deni la damu, na deni halihesabiwi kuwa zawadi. Lilipwe kwanza, kwa mfuko mwingine. Anayelikimbia kwa kujificha nyuma ya jina la marehemu, huyo anamuaibisha mzazi.

Tena mali yenyewe isiwe makaratasi. Aliyeweka akiba yake kwa pesa ya zaire aliona namna ilivyoyeyuka kabla franga kuingia 1998. Afazali nyumba ya kupangisha, ao shamba la michikichi upande wa Fizi. Shina lisikatwe, mawese tu ndiyo yatoke.

Je, Mlutheri akisema bourse hii ni ya wanafunzi Walutheri peke yao, anakosea? Hapana. Kanisa dogo lina haki ya kujitafutia wachungaji na walimu wake. Lakini hapa kwetu, ambapo Mfuliiru, Mvira, Mbembe na Munyamulenge wamezikana kwa sababu ya majina hayo, mlango wenye jina moja unatutia hofu. Ng'ambo ya ziwa, Nyarugusu imepokea watu wetu tangu 1996; na Tanzania hiyo hiyo, TCRS, shirika lililozaliwa 1964 kwa mkono wa Walutheri, lilihudumia wakimbizi wa kila dini. Kwa hiyo tungeomba mwenye kuandika masharti aache nafasi moja, hata kama bourse ni tatu tu, kwa mtoto wa jirani asiyesali naye. Na karatasi ya masharti isomwe siku ya kuondoa kilio, mbele ya majirani hao, kabla kasiksi haijafunguliwa.