Yethro Hakumwambia Musa "Vumilia"

Wazazi, fungueni Kutoka sura ya 18. Yethro amefunga safari kwenda jangwani kumwona Musa, mume wa binti yake. Wanasalimiana, wanajuliana hali, wanaingia hemani, na habari ni njema: Farao ameshindwa, Israeli wametoka utumwani. Angeishia hapo, mzee angerudi Midiani akiamini mkwewe hana shida. Lakini kesho yake alimtazama Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, akaona mtu anayechakaa. Akamwambia wazi kwamba atadhoofika, na kwamba atafute watu wa kumsaidia.

Sisi na watoto wetu walioko vyuoni tunaishia kwenye salamu! "Shikamoo mama." "Marahaba, masomo yanaendaje?" "Yanaenda." Simu imekatwa, tumeridhika. Na siku mtoto akithubutu kusema amelemewa, jibu letu ni moja: vumilia, wenzako mbona wanaweza? Nasema bila kumung'unya maneno, jibu hilo ni kufuli. Kuna kijana ambaye kwa ajili ya ada yake ng'ombe waliuzwa, na kila simu ya nyumbani inamkumbusha ng'ombe hao. Atawezaje kusema amefeli masomo mawili? Atasema yanaenda. Ataendelea kusema yanaenda mpaka siku jina lake litakapokosekana kwenye orodha ya wahitimu.

Katika vyuo vikuu, huko Mlimani, huko Dodoma, huko Sokoine, kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kuna wataalamu wa ushauri nasaha, kuna zahanati, kuna afisa mikopo. Tazameni kijana aliyeugua wiki ya mitihani. Akienda kutibiwa, akachukua cheti cha daktari na kuandika barua mapema, anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani maalumu baadaye. Akijifungia hosteli kwa aibu, ataandikwa kuwa hakutokea bila ruhusa. Ugonjwa ni uleule! Anayelemewa kabisa anaweza kuomba kuahirisha masomo, kwa maandishi. Anayetoweka kimya anahatarisha nafasi yake na mkopo wake. Hata bumu, ile fedha ya chakula na malazi iliyopandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, likikwama, wa kuuliza ni afisa mikopo, si mjomba wa Kariakoo. Mjomba atampa elfu ishirini na mawaidha ya saa nzima.

Najua mtakalosema: mchungaji, sisi tunamwombea. Ombeni, tena msichoke! Lakini kumbukeni kwamba Yethro alikuwa kuhani. Mtu wa madhabahu yule, na bado hakumwambia Musa aongeze kufunga. Alimwambia agawe mzigo. Basi ninyi mnaomwambia binti asiyelala usiku kwa hofu kwamba akienda kwa mshauri amepungukiwa imani, mmeyasoma Maandiko gani?

Tumewalea pia kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje. Ni malezi mema, ila mtoto akifika kwenye mlango wa mshauri anaisikia sauti yako ikimkataza. Mfungue kwa kinywa kilekile kilichomfunga. Mwambie, "Mwanangu, kuomba msaada si kutuaibisha. Nenda, nimekutuma mimi." Akienda, usimhoji alichosema humo ndani, wala usimpigie mshauri kudai habari; siri hiyo ndiyo itakayomfanya arudi tena. Na akikwambia ana sapu, yaani mtihani wa marudio, pokea kama unavyopokea habari ya homa: uliza dawa yake, si aibu yake.

Jioni hii piga simu. Usianze na matokeo. Muulize anakula nini, analala saa ngapi, na kama anajua ofisi ya mshauri iko jengo gani. Kama hajui, mpe hadi Jumatano aitafute, na Jumatano usiku upige tena.