Urithi wa Kasongo: tupokee nini, tuseme nini?

Ndugu msomaji, mtu akirithi nyumba ya baba yake, anarithi na madeni. Je, mji nao ni vile vile? Swali hili linatugusa sisi wa Kasongo na Kabambare.

Katika miaka ya 1870, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Misafara yake ilipita Kabambare kuelekea Ujiji na pwani, na pembe za tembo. Njia ile ilituletea mpunga, Uislamu na hii lugha tunayosemaka nyumbani. Njia ile ile ilipitisha watu katika minyororo. Kule Nyangwe, tarehe 15/7/1871, Livingstone aliona watu wa wafanyabiashara wakipiga bunduki sokoni, kati ya wanawake waliokuja kuuza. Mamia walikufa, wengi mtoni.

Wako wanaosema: tuyaache, wakoloni njo waliyatangaza ili wajisifu. Ni kweli, walijisifu. Jeshi la Dhanis liliingia Kasongo tarehe 22/4/1893, na Kabambare mwaka 1894, likisema linakomesha utumwa. Kisha Dola ya Leopold ikatuletea kazi za nguvu na fimbo. Lakini mkoloni kujisifu hakufuti damu ya Nyangwe.

Tena, tutamshitaki nani? Fikirini neno mungwana, lililoipa lugha yetu jina la Kingwana. Wengi walioitwa Waungwana walikuwa wamekamatwa wangali watoto. Walipokua wakapewa bunduki na kanzu, nao wakaenda kukamata wengine. Katika ukoo mmoja, aliyekamatwa na aliyekamata wanaweza kuwa babu mmoja. Hatuwezi kugawa mji pande mbili, hawa wa aibu, hawa wa machozi.

Kwa hiyo, kula wali si kosa, kusema Kiswahili si kosa. Hatia hairithiwi kama shamba. Kinachorithiwa ni wajibu wa kusema. Kosa ni kumfundisha mtoto kwamba mpunga ulikuja wenyewe. Sisi walimu, tukipeleka wanafunzi Tongoni, pale mji wa zamani ulipokuwa, tusiwahesabie ukubwa wa mabwana tu. Tuwaambie pia juu ya wale waliotembea wamefungwa, ambao majina yao hayakuandikwa.

Wazee walisema: mungwana ni kitendo. Si kanzu, si ukoo, wala bunduki. Mji unaotaka kuitwa wa waungwana uanze na kitendo hiki: kusema ukweli wote mbele ya watoto wake.